Kigari cha Waya Nacho Kihifadhiwe

Kukusanya vigari vya mfano si mchezo wa kitoto. Mercedes-Benz 540K, gari la fahari la paa la kukunjwa la miaka ya 1930, lina urefu unaozidi mita 5. Kwa kipimo cha 1:43 huwa kigari cha sentimita 12 hivi, kilichomiminwa kwa zinki katika kalibu. Anayekitunza anatunza ufundi wa zama zake.

Lakini naona heshima hiyo tunawapa wageni peke yao. Huko Gakindu, Nyeri, kama katika vijiji vingi vya Kenya, watoto hukunja waya wakaunda vigari vyao, aghalabu bila paa, vyenye usukani mrefu wa kuviendesha huku wakikimbia. Vikichakaa, hutupwa.

Sisi watu wa pwani tunajua hasara yake. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, ulitoweka baharini mapema katika karne ya 20. Leo umbo lake twalisoma katika mifano iliyohifadhiwa.

Basi, ndugu mkusanyaji, kando ya kigari cha Ulaya weka na cha waya. Andika jina la aliyekiunda, kijiji chake na mwaka.