Aliyechoka na Kijani Asiulizwe Alikuwa Wapi

Makamanda, tuambiane ukweli. Mama aliyeipigia CCM tangu vyama vingi vianze anakuja mkutanoni kwetu, kachoka, halafu sisi tunamrukia: "Ulikuwa wapi siku zote?" Huo ni ujinga, tena ujinga wa gharama.

Pigeni hesabu. Mwaka 2015, kwa matokeo ya Tume, Magufuli alipata kura 8,882,935, Lowassa 6,072,848. Tofauti ni milioni 2.8. Lakini anayehama anahesabika mara mbili: anapungua kwao, anaongezeka kwetu. Wangehama milioni 1.4 na ushee tu, leo tungekuwa tunaongea mengine.

Mtasema, "Si Lowassa mwenyewe alirudi CCM 2019?" Alirudi, ndiyo. Ila yule alikuwa mwanasiasa. Mwanasiasa akihama, mchunguzeni mpaka unyayo. Mpiga kura wa kawaida hafuati cheo. Aliishi kwa kuamini zimwi likujualo halikuli likakwisha, sasa kaona linammaliza. Na kuhama kunamgharimu: majirani wanamnunia, kwenye kikoba anasemwa, hata ndugu wanamtenga.

Ibara ya 5 ya Katiba inampa raia wa miaka 18 haki ya kupiga kura. Haidai kadi ya chama chochote. Kama Katiba haimdai, sisi ni nani tumdai aungame kwanza?

Mpeni kiti. Muulizeni kilichomchosha, kisha nyamazeni mumsikilize.