Nyumba ya Hanang na nyumba ya Arusha katika mirathi

MZEE wa Kiislamu mwenye asili ya Mbulu au Hanang anapofariki, aghalabu huacha nyumba mbili: moja kijijini, nyingine Arusha mjini alikohamia kwa biashara. Msiba ukiisha, wakubwa wa ukoo hukaa na kuamua: kaka achukue ya mjini, dada apewe ya kijijini, nyumba kwa nyumba. Hupigwa Fatiha, na dhulma imekwishapita.

Ndugu Waislamu, kinachozitofautisha nyumba hizo si matofali. Saruji inayofika Haydom imekwishabeba nauli ya lori, hivyo kujenga kule nako kuna gharama yake. Tofauti ni ardhi. Nyumba ya mjini yenye hati hupata wapangaji, na anayetaka kuinunua aweza kutoka mkoa wowote. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na kuihamishia kwa mtu mwingine kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Wanunuzi wakiwa wachache, bei nayo hushuka.

Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, ameyagawa mafungu ya mali; hakugawa mapaa.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike, na madeni yamekwishalipwa. Tuseme nyumba ya Hanang ina thamani ya shilingi milioni 20 na ya Arusha milioni 100. Jumla ni milioni 120. Mke ana thumuni, yaani milioni 15. Katika milioni 105 zinazobaki, kijana anapata 70 na binti 35. Binti akipewa nyumba ya Hanang peke yake, amepunjwa milioni 15, na mama hajapata hata senti. Kijana akiitaka nyumba ya Arusha, analo deni la milioni 30 kwa mama yake na dada yake.

Thamani hizo zitokane na mthamini aliyesajiliwa, tena kwa bei ya wakati wa kugawana. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoikumba Katesh na vijiji vilivyo chini ya Mlima Hanang yalionyesha jinsi thamani ya mahali inavyoweza kubadilika kwa siku moja.

Wapo watakaosema dada ameridhia. Ameridhia nini, ikiwa hajaambiwa bei ya nyumba ya mjini? Sulhu ya warithi inakubalika pale kila mmoja anapojua anachokiacha. Na kijana asipokuwa na fedha za kulipa, nyumba iuzwe au ibaki ya wote, na kodi ya wapangaji, tangu siku aliyofariki baba, igawiwe kwa mafungu yale yale.