Mizani ya Moshi: Nani Atangulie Kupimwa?

Ndugu Waislamu, mkulima wa Manyoni au Iramba hutegemea msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka. Mvua ikichelewa, mtama na uwele hunyauka, na alizeti haijazi mbegu. Mkulima huyohuyo siku hizi huambiwa, hata na baadhi ya wahadhiri wetu, kwamba hali ya hewa ya dunia imeharibiwa na shoka lake na tanuru lake la mkaa. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli. Lakini chembe ikiuzwa kwa bei ya gunia, huo ni upunjaji wa mizani.

Basi tupime sawasawa. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa viwandani, katika mitambo ya umeme na katika magari, hutoa hewa ukaa, na sehemu ya hewa hiyo hubaki angani kwa mamia ya miaka. Moshi wa babu, kwa hiyo, ungali juu ya kichwa cha mjukuu, na hesabu ya haki haiwezi kuanzia jana. Hadi mwaka 1882, zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote iliyokwisha kutolewa duniani kwa njia hiyo ilitoka Uingereza peke yake. Mwaka 1900, zaidi ya asilimia 90 ya iliyotolewa mwaka huo ilitoka Ulaya na Marekani. Ukijumlisha tangu mapinduzi ya viwanda hadi mwaka 2017, fungu la Marekani ni asilimia 25 hivi, na la Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza ni asilimia 22. Bara zima la Afrika, ikiwamo Afrika Kusini na migodi yake ya makaa ya mawe, halizidi asilimia 3 hivi.

Watakuwapo watakaosema kwamba zama zimebadilika. Ni kweli. Takriban mwaka 2006, China iliipita Marekani kwa utoaji wa mwaka, na sasa hutoa karibu theluthi moja ya hewa ukaa ya viwanda na nishati duniani. Hata hivyo, ukigawa kwa vichwa, Mchina hutoa tani 8 hivi kwa mwaka na Mmarekani tani 14 hivi. Mtanzania hutoa karibu robo tani. Yaani anachotoa Mmarekani kwa wiki moja hukaribia anachotoa Mtanzania kwa mwaka mzima.

Uadilifu hauna ujamaa. Qatar, Kuwait na Falme za Kiarabu ni nchi za ndugu zetu katika imani, nazo zimo katika safu ya mbele kabisa duniani kwa utoaji wa kila mtu. Qatar huizidi Marekani zaidi ya mara mbili. Watu wao ni wachache, na jumla yao ni ndogo, lakini anayemkemea wa mbali na kumnyamazia ndugu yake hajashika mizani.

Mwaka 2009, huko Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kuzipatia nchi maskini dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Aliyeharibu shamba la jirani hamkopeshi fidia! Tukidai haki hiyo, tusidai kama waomba sadaka.

Je, sisi tumesalimika? Hasha. Sehemu kubwa ya gesi joto ya nchi yetu hutokana na ukataji wa misitu na matumizi ya ardhi. Vichaka vya Itigi ni amana mikononi mwetu. Vikiisha, hakuna wa Ulaya atakayeulizwa. Khatibu na atuhimize kupanda na kuhifadhi miti. Ila siku hiyohiyo, juu ya mimbari hiyohiyo, ataje na wenye mzigo mkubwa, ili mkulima wa Singida abebe wake tu.

Wabillahi tawfiq.