Redio ya Kiitalia na Hesabu za Wahasibu

Wako wasemao ya kwamba, maadamu satelaiti na intaneti zimekuja, dola haina haja tena ya kupeleka lugha yake ng'ambo kwa redio. Sisi twaikataa hoja hiyo, na ushahidi wetu twautoa kwa Waitalia, ambao shirika lao la utangazaji, RAI, lilifunga masafa mafupi mwaka 2007.

Utangazaji wa Kiitalia ulianza Roma tarehe 6 Oktoba 1924, zama za Mussolini. Utawala ule haukuona uchungu wa fedha. Tangu mwaka 1934 stesheni ya Bari ilivusha bahari maneno ya Kiarabu, ili kuwafitini Waarabu na Waingereza; hata London nayo ikaanza kutangaza kwa Kiarabu mwaka 1938. Mwaka huohuo London ikaanza na Kiitalia. Tazameni kinyume hicho! Vita vilipowaka, Mwitalia aliyetaka kweli katika lugha ya mama yake hakuitafuta Roma. Alijifungia chumbani, akapunguza sauti, akasikiliza London au Monte Ceneri ya Uswisi, hali akijua kwamba akishikwa atafungwa. Uongo uligharimiwa kwa ukarimu. Kweli ilipopata jamhuri, ndipo mkono ulipobanwa.

Na waliohama je? Katika karne moja tangu mwaka 1876, watu zaidi ya milioni 25 waliondoka Italia kwenda Argentina, Brazil, Marekani, Australia na kwingineko. Wengine walirudi. Wengi wao walitoka na lahaja ya kijijini, Kisisilia au Kiveneto, wala si Kiitalia cha vitabuni. Na hata waliobaki nyumbani, wengi walikizoea Kiitalia sanifu kwa redio, kisha kwa televisheni iliyoanza mwaka 1954. Kumwambia mzee wa namna hiyo anunue sahani ya satelaiti ni kumfungia mlango na kumwonyesha dirisha.

Watetezi wa ubahili watasema wageni wataijaza nafasi. Ni kweli kwamba redio ya umma ya SBS huko Australia hutangaza kwa Kiitalia hata leo. Lakini sisi tuliosikia Kiswahili kikitoka London tangu mwaka 1957, na Ujerumani tangu mwaka 1963, twajua: mgeni akikutangazia kwa lugha yako, habari huchagua yeye.

Uswisi wameonyesha njia nyingine. Huko wasemao Kiitalia hawafiki mmoja katika kumi, walakini redio yao ya Lugano hupata katika ada ya utangazaji fungu kubwa kuliko idadi yao, nao wasemao Kijerumani huchangia. Ndugu mwenye wengi humbebea ndugu mwenye wachache.

Roma haikufuata. Mitambo ya Prato Smeraldo ilinyamaza mwaka 2007. Septemba 2022 RAI ikazima na masafa ya kati, yaliyokuwa yakivuka mipaka usiku bila kuomba ruhusa. Fedha ziliokolewa. Hatujaonyeshwa bado lugha imenunuliwa nini kwa fedha hizo.