Bahari ipimwe kabla ya kisima cha kwanza

Na Rukia Mshamu

Mjadala wa mafuta na gesi ya baharini katika pwani ya Afrika Mashariki umekuwa kwa sehemu kubwa mjadala wa mapato: nani atapata fungu gani, kodi itakuwa kiasi gani, na ajira ngapi zitawafikia wenyeji. Suala la mazingira huachiwa ripoti ya tathmini ya athari, ambayo sheria inadai iandaliwe kabla ya mradi kuanza, lakini ambayo husomwa na wachache na kisha kufungiwa kabatini. Hoja ya safu hii ni kwamba sehemu moja ya ripoti hiyo, ile inayoeleza bahari ilivyo kabla ya kazi yoyote kufanyika, ndiyo inayobeba kila hatua inayofuata, kwa kuwa madhara hayawezi kupimwa wala kufidiwa pale ambapo hakuna anayeweza kuthibitisha hali ilikuwaje hapo awali. Kumbukumbu hiyo huitwa takwimu za msingi, na ndani yake huwemo kiasi cha mafuta na metali kilichomo tayari katika maji na tope, wingi wa samaki na matumbawe, mwelekeo wa mikondo, na mavuno ya watu wanaoitegemea bahari hiyo.

Umuhimu wa takwimu hizo huonekana hata pale ambapo hakuna ajali. Kisima cha mafuta hakitoi mafuta matupu. Hutoa pia maji ya chumvi yaliyokuwa yamefungika ndani ya miamba, na kadiri kisima kinavyozeeka ndivyo maji hayo yanavyozidi mafuta yenyewe. Mtambo huyachuja maji hayo na kuyarudisha ardhini au kuyamwaga baharini yakiwa na mabaki ya mafuta na kemikali. Katika Bahari ya Kaskazini, kanuni zilizo chini ya Mkataba wa OSPAR, uliotiwa saini Paris mwaka 1992 ili kulinda kaskazini-mashariki mwa Atlantiki, zimeweka kikomo cha miligramu 30 za mafuta kwa kila lita ya maji yanayomwagwa. Kikomo hicho, hata hivyo, kinaeleza tu kinachotoka kwenye bomba, na hakielezi kinachoipata sakafu ya bahari baada ya miaka 20 ya kumwaga. Ndiyo sababu Norwei hudai sakafu ya bahari ichunguzwe kabla ya uzalishaji kuanza, kisha kila eneo lirudiwe kwa zamu ya miaka mitatu, ili tope la leo lilinganishwe na tope la siku ya kwanza.

Gharama ya kukosa ulinganisho huo ilidhihirika katika Bahari ya Timor, kwenye eneo la mafuta la Montara, takriban kilomita 250 kutoka pwani ya kaskazini-magharibi mwa Australia, lililokuwa chini ya PTTEP Australasia, kampuni tanzu ya kampuni ya mafuta ya taifa la Thailand. Tarehe 21 Agosti 2009 mafuta na gesi vilifumuka kutoka kisima kimoja cha eneo hilo, na ingawa watu wote 69 waliokuwa kwenye mtambo waliokolewa, mafuta yaliendelea kumwagika kwa siku 74. Kisima kilizibwa tarehe 3 Novemba, baada ya mtambo mwingine kuletwa na kuchimba kisima cha kando, yaani kile kinachotobolewa kwa mshazari mpaka kikutane chini ya ardhi na kisima kilichofumuka, ili tope zito limiminwe ndani yake na kuukata mtiririko. Siku mbili kabla ya hapo, mtambo uliokuwa juu ya kisima kibovu ulishika moto. Hata kiasi kilichomwagika hakikupimwa kwa uhakika: kampuni ilikadiria mapipa 400 kwa siku, huku idara ya nishati ya serikali ya Australia ikisema huenda yalifika 2,000.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na David Borthwick ilibaini kwamba saruji iliyomiminwa chini ya kisima ili kuziba njia ya mafuta haikushika, kwamba haikujaribiwa ipasavyo, na kwamba kati ya vifuniko viwili vilivyokusudiwa kufungwa juu yake, kimoja tu ndicho kilichofungwa. Tume ilimlaumu pia mdhibiti, idara ya serikali ya Northern Territory, kwa kuidhinisha kazi bila kuichunguza kwa kina. Kutokana na hayo Australia iliunda mamlaka moja ya taifa, NOPSEMA, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2012 ikisimamia kwa pamoja usalama wa wafanyakazi, uimara wa visima na mazingira ya bahari. Hayo yalikuwa mageuzi ya maana. Lakini tume ilisema jambo jingine lenye uzito zaidi kwa nchi zinazoanza: kwamba huenda ukubwa kamili wa madhara ya Montara kwa mazingira usijulikane kamwe, kwa sababu eneo lilikuwa mbali, takwimu za msingi za kuaminika hazikuwapo, na mpango wa ufuatiliaji wa kisayansi ulichelewa.

Walioonja uchungu wa pengo hilo si Waaustralia. Upande wa pili wa Bahari ya Timor, katika kisiwa cha Rote na maeneo ya Kupang nchini Indonesia, maelfu ya familia zilikuwa zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa kilimo cha mwani. Wiki chache baada ya kisima kufumuka, wakulima waliona utando wa mafuta juu ya maji pamoja na mabonge ya nta yenye rangi ya manjano na kijivu, na ndani ya siku chache mwani uligeuka mweupe na kudondoka kutoka kwenye kamba. Ugumu wa kuthibitisha chanzo unafahamika kwa kila mkulima wa zao hilo, kwa kuwa mwani hugeuka mweupe pia kwa joto kali la maji na kwa maradhi, na mtu asiyekuwa na rekodi ya misimu iliyopita huwa na neno lake tu dhidi ya neno la kampuni.

Kampuni ilishikilia kwamba mafuta hayakufika huko kwa kiwango cha kudhuru, na kwamba haikuwa na wajibu wa kisheria kwa wakulima hao. Mwaka 2016 mkulima mmoja wa Rote alifungua kesi katika Mahakama ya Shirikisho ya Australia kwa niaba ya wenzake zaidi ya 15,000. Mahakama ililazimika kuijenga upya picha ya bahari ya mwaka 2009 kutokana na ushahidi wa wanakijiji, picha za setilaiti na mabishano ya wataalamu, na mwezi Machi 2021 iliamua kwamba mafuta ya Montara yalifika kwenye shamba la mkulima huyo na kuua mwani wake, na kwamba kampuni ilikuwa na wajibu kwake. Mwaka 2022 kampuni ilikubali kulipa dola za Australia milioni 192.5 ili kuyamaliza madai ya kundi zima. Haki ilipatikana, lakini ilichukua zaidi ya miaka 12 tangu mwani ulipokufa, na katika muda huo watoto walikwishaacha shule na madeni yalikwishalipwa kwa kuuza mali.

Mazingira ya pwani ya Waswahili yanafanana na ya Rote kwa namna inayopaswa kuwashtua watunga sera. Kilimo cha mwani kinaendeshwa Unguja na Pemba, ambako kwa sehemu kubwa kiko mikononi mwa wanawake, na pia Tanga na Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale, Kenya. Bahari ya Pemba na Unguja imekwishakatwa vitalu vya utafutaji, na rasi ya Chongoleani, Tanga, imechaguliwa kuwa mwisho wa bomba la kilomita 1,443 litakaloleta mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, ili yapakiwe kwenye meli. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini na hupata nguvu zaidi wakati wa kusi, hivyo mafuta yatakayomwagika Tanga hayatasubiri ruhusa ya uhamiaji ili kuingia Vanga na Shimoni, upande wa Kenya. Kipimo kinachoishia kwenye mpaka wa kitalu au wa nchi kinapima karatasi ya leseni, ilhali wanaoweza kudhurika wako mahali ambapo maji yanakwenda.

Pengo la sheria linaongeza uzito wa hoja hii. Mafuta yanapomwagwa na meli ya mafuta, nchi zilizojiunga na mikataba ya kimataifa ya fidia, zikiwemo Tanzania na Kenya, zinaweza kudai kutoka kwa bima ya meli na kutoka kwa mfuko maalumu wa kimataifa. Mafuta yanapofumuka kutoka kisima cha baharini, hakuna mkataba wa dunia nzima wa namna hiyo. Baada ya Montara, Indonesia ililipeleka suala hilo kwenye Shirika la Kimataifa la Bahari, lakini mkataba haukupatikana. Mwathirika wa kisima anabaki na mahakama, na mahakamani asiye na kumbukumbu huingia mikono mitupu.

Kuna mambo matatu yanayopaswa kudaiwa sasa. La kwanza, takwimu za msingi zikusanywe kwa gharama ya kampuni lakini na chombo kisicho chini yake, na Tanzania ina wataalamu wa kazi hiyo, kwani Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar kwenyewe. La pili, chombo kinachosimamia mazingira kiwe mbali na kile kinachotafuta wawekezaji na kukusanya mapato, kwa sababu ofisi inayosubiri fedha za kisima haiwezi kuwa hakimu mzuri wa kisima hicho. La tatu, rekodi za wakulima na wavuvi zihesabiwe kuwa sehemu ya sayansi. Wakulima wa mwani hufanya kazi kwa kufuata bamvua, yaani siku za maji makubwa ambapo pwani hupwa sana mara mbili kila mwezi. Daftari la ushirika linaloandika katika kila bamvua kilo zilizovunwa, kamba zilizofungwa mbegu upya na mwani uliogeuka mweupe, likigongwa muhuri na ofisi ya shehia au ya kijiji, ni ushahidi ambao wakulima wa Rote wangeuhitaji sana.

Itasemwa kwamba masharti hayo yatawachelewesha wawekezaji. Kampuni zenyewe, hata hivyo, hutumia miaka mingi kupima miamba kabla ya kuchimba, na meli zao za mitetemo hupita bahari hiyo hiyo mara kwa mara. Kupima maji na viumbe katika kipindi hicho hakuongezi muda ambao haupo tayari. Tena takwimu za msingi humlinda pia mwekezaji mwaminifu asibebeshwe lawama ya mwani uliokufa kwa joto. Kwa hiyo sharti linalofaa kuandikwa katika kila leseni ya Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya ni hili: kisima cha kwanza kisitobolewe, wala meli ya kwanza isipakiwe, mpaka bahari iwe imepimwa katika kaskazi na kusi kwa angalau miaka miwili mfululizo, hadi pale mkondo unapofika, na matokeo yake yawe yamechapishwa kwa Kiswahili katika ofisi ambayo mkulima wa mwani anaweza kufika kwa miguu.