Miaka 20 ya Hillywood: Sasa Zamu ya Mwandishi

Mtoto wa Kamembe, hapa Rusizi, huijua agasobanuye, filamu ya kigeni yenye msimulizi, kabla hajajua kusoma. Shujaa wa Hong Kong au wa Mumbai anafungua kinywa, na sauti inayosikika ni ya msimulizi wetu anayefasiri kwa Kinyarwanda, akionya, akicheka, akimhurumia mjane. Wasimulizi hao wametulea, nasi tunawashukuru. Ila kila usiku walitukumbusha kwamba tunatazama karamu ya jirani kupitia dirishani.

Aliyefungua mlango ni Tamasha la Filamu la Rwanda, ambalo wananchi hulijua kwa jina la Hillywood. Mwaka 2025 limetimiza miaka 20 tangu lilipofanyika mara ya kwanza, na gazeti lolote linalojali utamaduni wa nchi hii lina wajibu wa kulipongeza.

Mwanzilishi wake, Eric Kabera, alizaliwa ng'ambo ya mpaka, katika nchi iliyokuja kuitwa Zaire. Mwaka 2001 alitayarisha 100 Days, iliyoongozwa na Nick Hughes, filamu ya mapema kabisa ya kubuni kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Baadaye akaanzisha chuo cha filamu jijini Kigali na kukiita Kwetu, neno la Kiswahili lisilohitaji maelezo hapa Rusizi.

Hillywood haikungoja watu waende mjini. Ilibeba skrini ya kujazwa upepo, ikaisimamisha vijijini, na wakulima wakaketi nyasini kutazama filamu ambazo watu wake walisema Kinyarwanda kwa vinywa vyao wenyewe. Usiku ule msimulizi alipumzika. Hiyo ndiyo heshima kubwa ambayo tamasha hili limewapa wananchi, na haitasahaulika.

Matunda yameonekana. Mwaka 2011 Kivu Ruhorahoza, mwenye jina la ziwa letu, alitoa Matière grise, kisa cha kijana wa Kigali mwenye muswada wa filamu mkononi na asiyepata wa kuugharimia. Mwaka 2018 Imfura, filamu fupi ya Samuel Ishimwe, ilishinda Dubu wa Fedha mjini Berlin.

Kisa cha kijana yule wa Ruhorahoza ndicho kinachotufanya tuseme neno moja katika jubilei hii. Skrini huonekana na kamera huonekana. Karatasi iliyozaa filamu haionekani. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza ya filamu ni mwandishi.

Wafaransa, ambao lugha yao tuliisoma shuleni, walilitambua hilo mapema. Mwaka 1966 walicheka na La Grande Vadrouille, kichekesho cha Bourvil na Louis de Funès kuhusu nchi yao chini ya jeshi la Ujerumani. Watu zaidi ya milioni 17 waliitazama katika majumba ya sinema ya Ufaransa, na hakuna filamu ya Kifaransa iliyoivunja rekodi hiyo hadi 2008. Miongoni mwa walioiandika alikuwamo Danièle Thompson, binti wa mwongozaji Gérard Oury, na huo ulikuwa muswada wake wa kwanza. Hakuishia hapo: alishiriki kuandika La Boum ya 1980, kisha La Reine Margot ya 1994. Alipewa nafasi akiwa mchanga, akaachwa akomae, na taifa zima likafaidi.

Nasi tunaomba nafasi ya namna hiyo. Tamasha liwatafute waandishi wilayani, liwape walimu wa kuwasomea miswada, na wenye mifuko wamlipe mwandishi kabla kamera haijakodiwa.

Waanzie Rusizi. Kila alfajiri akina mama huvuka daraja kwenda Bukavu na beseni za sambaza na mboga, na jioni hurudi na habari. Kijana anayekaa pale husikia Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Mashi kabla jua halijapanda. Sikio lake limekwisha kufunzwa. Hillywood ilimletea skrini mlimani. Katika miaka 20 ijayo imletee daftari, ili siku moja mama wa sambaza ajisikie akisema kwenye skrini ile, na kila neno liwe lake.