Avenue yetu haiko makaburi ya magari

Ilianza na gari moja. Gari ya zamani, bila moteri, iliachwa kwenye parcelle yenye haikuwa na nyumba, katikati ya avenue yetu hapa Lubumbashi. Tulipita pembeni, tukaendelea na safari. Kisha ikakuja ya pili, ya tano, ya ishirini. Leo ile fasi imezungushwa mabati, na ndani wanakata vyuma toka asubuhi mpaka giza. Siku wanachoma nsinga za umeme juu ya kutoa shaba, wamama wa pembeni wanaanua nguo mbio na kufunga madirisha.

Tuseme wazi, sababu kuna wenye wanatusingizia: hatupigane na vijana wenye kutumika mule. Ni wandugu zetu, wengine tulisoma nao. Kila mtu anajua njia ya magari yetu mengi: yanatoka Japani, yanashuka Dar es Salaam, yanapita Zambia na Kasumbalesa, yanafika huku yakiwa yamechoka tayari. Bila wale wakata-vyuma, taxi-bus nyingi za mji huu hazingetembea. Na sisi tunanunua taa na radiateri kwao. Kazi yao ni kazi. Shida ni fasi.

Mafuta ya vidange inamwangwa chini. Batri zinapasuliwa na nyundo, asidi inaingia kwenye udongo pamoja na plomb. Kwetu robinet inakauka siku nyingi, kwa hiyo nyumba mingi zinakunywa maji ya kisima. Mvua ikianza mwezi wa 11, yale maji yote yatapita wapi? Matairi nayo yatajaa maji, mbu atazaa, malaria itafuata. Na plomb haina harufu. Mtoto anaimeza na vumbi ya mikono yake, inamharibia akili polepole, na waganga wanasema hakuna kiasi, hata kidogo, chenye hakina hatari kwake. Mji wetu umekula vumbi ya madini miaka mingi. Hatuna lazima ya kuongeza ingine mbele ya mlango.

Tulienda kwa chef wa mtaa, akatutuma komine. Komine ikatutuma kwenye ofisi ingine, na ile ofisi ikaturudisha komine. Mwenye parcelle anasema iko na karatasi. Tulimuomba atuonyeshe, mpaka leo hatujaiona. Kama karatasi iko, inafichwa juu ya nini? Na kama haiko, nani anaikinga hii kazi?

Sheria iko wazi. Katiba ya 2006, artikle 53, inampa kila mtu haki ya kuishi kwenye mazingira safi, na inamuwekea lazima ya kuyatetea. Sheria ya tarehe 9 mwezi wa 7, 2011, juu ya mazingira, inasema kazi yenye inaweza kuyaharibu inatanguliwa na uchunguzi wenye wananchi wanasikilizwa. Kutanguliwa, wandugu! Haiko kuulizwa kisha kisima kimeharibika. Kwetu hakuna mtu aliyepiga hodi kuuliza.

Lakini na sisi tuko na kosa. Gari ya kwanza ilipofika, tulisema ni mambo ya jirani. Ya kumi ilipofika, tulisema serikali itaona. Serikali haikuona, sababu hatukuiandikia hata mstari moja.

Sasa tunaandika. Tunaomba mambo tatu. Ya kwanza: ruhusa ya ile kazi ibandikwe kwenye mlango wa komine, kila mtu aisome. Kama haiko, kazi isimame. Ya pili: maji ya visima vya avenue yapimwe, na matokeo tuambiwe wote. Ya tatu: vijana wenye kutumika mule watafutiwe fasi ingine, mbali na nyumba, yenye sima chini na pipa za mafuta. Kuwafukuza bila kuwapa pa kwenda ni kuhamisha sumu kwenye avenue ya wengine.

Katiba, artikle 27, inasema mkubwa wa serikali akipokea petisyo ya wananchi, anapashwa kuijibu ndani ya miezi 3. Kwa hiyo tunapita nyumba kwa nyumba kukusanya sinyatiri. Ukitusikia tunabisha, fungua. Soma kwanza, uliza maulizo, kisha utie jina lako. Mtu asirushe jiwe, asichome hata tairi moja: tunalalamikia moshi, hatuwezi kuongeza wetu.

Siku tutaweka ile barua, tutaomba akize yenye tarehe na muhuri. Kuanzia hapo tutahesabu siku, na kila mwezi tutawaambia hapa zimebaki ngapi.